Nilimwambia asubiri, sasa wanataka kumfukuza

Mama Mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mchungaji, mwanamke wa miaka 41, na ni mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja cha theolojia hapa Tanzania. Naomba usitaje jina langu, la chuo, wala la mkoa. Wanachuo wetu hawafiki mia mbili na kanisa letu ni kama kijiji: neno likitamkwa jikoni asubuhi, jioni limeshafika kwa askofu.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, tulipotoka ibada ya asubuhi tulikuta karatasi mbili zimebandikwa kwenye mlango wa bwalo. Hazikuwa na jina. Zilisema mambo matatu. La kwanza, maharage yana wadudu tangu muhula uanze, na uji hauna sukari, ilhali ada imepanda. La pili, mwalimu mmoja anashikilia matokeo ya wanafunzi asiowapenda, anawasema darasani kwa makabila yao, na wasichana hawataki kwenda ofisini kwake peke yao. La tatu, mama wa stoo anatoa unga jioni kwa mlango wa nyuma na kwenda kuuza.

Kabla ya saa sita picha ya karatasi zile ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya sharika. Kesho yake katibu wa dayosisi akapiga simu. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba mwandishi asipojitokeza, bweni zima la wanaume litaadhibiwa. Siku ya tatu kijana mmoja wa mwaka wa tatu akaja mwenyewe. Alisema, "Ni mimi. Wenzangu msiwaguse." Ana miaka 27, alikuwa mwinjilisti kabla ya kuja kwetu, analipiwa na dayosisi yake, na nyumbani ana mke na mtoto mchanga.

Kamati ya nidhamu ilimhoji kwa muda usiofika dakika ishirini. Mwalimu aliyetajwa kwenye karatasi ndiye katibu wa kamati hiyo, na alikuwepo akiandika. Kijana aliulizwa kwa nini alibandika mlangoni. Akasema kila Oktoba tunafundishwa habari za mtu aliyebandika hoja zake mlangoni, na tunaimba. Mkuu alikasirika sana, akaona ni kiburi. Kisha akaulizwa kwa nini hakufuata Mathayo 18, amwendee ndugu yake kwanza, wawili peke yao. Hapo hakujibu. Aliinua macho akanitazama mimi, kisha akainamisha kichwa.

Mama, alinitazama kwa sababu alikuwa amekwisha kuja kwangu, tena mara tatu. Tarehe ninazo kwenye shajara yangu. Mara ya kwanza alizungumzia chakula, mara ya pili yule mwalimu, mara ya tatu vyote pamoja. Nilimwambia asubiri, tuliombee, wakati wake utafika. Mara ya tatu nilimwambia aangalie asije akaharibu wito wake kwa sababu ya maharage. Sikupeleka neno lolote kwa mkuu. Na siku ile kwenye kamati sikufungua mdomo.

Jambo la unga tumelichunguza, na si kweli kwamba unaibwa. Fedha zilipokosekana, mkuu aliagiza vibarua wa shamba la chuo walipwe sehemu ya ujira wao kwa unga, na wao humaliza kazi jioni. Kwa hiyo magunia yalitoka kweli, lakini kwa amri. Mama wa stoo ni mjane, ametutumikia miaka 14. Sasa haji ibadani. Mjukuu wake aliitwa "mjukuu wa mwizi" shuleni. Nilipokwenda kumwona alilia, akasema, "Mchungaji, mimi sina haja ya kuona mtoto wa mtu anapiga magoti. Nataka waseme unga ulikwenda wapi."

Sasa walimu wawili wanataka kijana arudishwe dayosisi kwake, na hiyo maana yake ni kwamba hatabarikiwa kuwa mchungaji. Mkuu, ambaye kwa kweli ni mtu mpole, anasema hapana, tumrejeshe kwa upendo. Mpango wake ni huu: kijana apige magoti mbele ya chuo kizima katika ibada ya asubuhi, asome toba, amwombe radhi mwalimu, mama wa stoo na chuo, atie sahihi kwamba hatapeleka tena malalamiko nje ya utaratibu, kisha tumkumbatie na kumwombea, na jambo liishe. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwandaa.

Nimezungumza naye. Akaniambia, "Kwa mama wa stoo nitapiga magoti hata leo usiku. Kwa hayo mengine nitakuwa nasema uongo madhabahuni."

Uamuzi umeahirishwa mpaka askofu arudi safari, mwisho wa mwezi. Je, nimsihi akubali tu, ili amalize masomo yake? Nami niseme nilivyonyamaza, au nitakuwa nawasha moto mwingine? Mimi ni mwanamke wa kwanza kushika nafasi hii hapa chuoni, na nyumba ninayokaa na mume wangu ni ya chuo. Silali, Mama.

Mlezi asiyelala

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Asifiwe milele.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimesimama pale kijana alipoinua macho. Angeweza kusema. Alikuwa amezungukwa na watu wenye uwezo wa kumkatia njia yake yote ya maisha, na jibu la kumwokoa lilikuwa limekaa kiti cha tatu au cha nne kutoka kwake. Akakulinda. Sijui kama alifanya hivyo kwa heshima, kwa hofu au kwa upendo, na pengine hata yeye hajui. Lakini nadhani usingizi wako umepotelea hapo, wala si kwenye swali la magoti.

Nikianza na ulichouliza, ninavyokuelewa ni kwamba umewekwa katikati. Mkuu wako ana njia anayoiita ya upendo, na ukiilinganisha na kumfukuza kijana ni njia ya upendo kweli. Kijana anaikubali robo yake na kuikataa iliyobaki. Wewe umeambiwa umlainishe. Na moyoni unajua kwamba shtaka kubwa linalotajwa juu yake, la kuruka hatua, halisimami, kwa kuwa hatua alizipita na mlango aliobisha ulikuwa wako.

Niruhusu nikuulize jambo ambalo huenda kila mtu chuoni amelichukulia kuwa limekwisha kuamuliwa. Hapo mlipo mna kesi ngapi? Ninavyosoma mimi, kila mtu anaongea kana kwamba ni moja, ya kijana na karatasi zake. Mimi nahesabu zaidi. Kuna mwanamke aliyeitwa mwizi naye si mwizi. Hilo ni kosa la kijana, na yeye mwenyewe anakubali. Kuna chakula kibovu. Hilo ni lalamiko, na hakuna mahali katika barua yako uliposema si kweli. Kuna mwalimu na matokeo na makabila. Hilo ni shtaka ambalo halijachunguzwa. Kuna wasichana na ile ofisi, nami nitalirudia. Na kuna wewe na zile tarehe tatu. Mpango wa asubuhi moja ya magoti unayachukua yote haya, unayafunga katika furushi moja, na kulitwika bega la mtu mmoja. Akisimama kutoka magotini, ni nani tena atakayeuliza habari za maharage?

Sisemi mkuu wako amekusudia hivyo. Umesema ni mpole na ninakuamini. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya nidhamu, nami najua jinsi watu wema wanavyochoka na kelele, wakatamani amani hata amani yenyewe hawajaiangalia vizuri.

Sasa twende kwenye Mathayo 18, maana wameitumia kama lango. "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Maneno hayo yamewekwa kati ya mchungaji anayewaacha kondoo tisini na tisa kumtafuta mmoja, na Petro anayejibiwa kusamehe saba mara sabini. Sura nzima inaanza na wadogo, na onyo kali kwa mtu awakoseshaye wadogo hao. Ni sura inayomlinda asiye na nguvu. Je, kuitumia kumwambia mwanafunzi kwamba angepaswa kuingia peke yake ofisini kwa mtu anayeshika alama zake, ni kuisoma inavyojisoma yenyewe? Naye, kwa jinsi ulivyonieleza, alitafuta shahidi kabla ya kubandika. Alikutafuta wewe.

Kuna habari nyingine katika Maandiko inayofanana zaidi na ya chuoni kwenu, nayo inahusu chakula. Matendo 6 inasema wanafunzi walipokuwa wakiongezeka hesabu yao, palikuwa na manung'uniko, kwa sababu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Angalia mitume walichofanya. Hawakuuliza nani ameanza kunung'unika, wala hawakusema watu wa rohoni hawagombani kwa ajili ya mkate. Waliliita kusanyiko lote, wakasema haipendezi wao kuliacha neno na kuhudumu mezani, wakaagiza wachaguliwe watu saba. Majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Kwa lugha yetu ya leo, ufunguo wa stoo ulikabidhiwa kwa watu wenye majina ya upande uliolalamika. Na mstari unaofuata baada ya kuwekewa mikono unasema neno la Mungu likaenea.

Nakuambia haya kwa sababu ulimwambia asiharibu wito wake kwa sababu ya maharage. Najua ulisema kwa nia njema. Lakini nadhani sentensi ile unaweza kuirudia mbele zake na kuiondoa.

Kuhusu Oktoba na mlango, wamekasirika kwa neno ambalo lingeweza kuwa mwanzo wa mazungumzo mazuri sana. Mtu anayemtaja ni Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa, na hoja zake zilikuwa 95. Wanahistoria bado wanabishana kama alibandika kitu chochote siku ile kwa mkono wake. Wasichobishania ni kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 alimwandikia barua Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, barua ya heshima, akaambatanisha hoja zake. Kijana anaweza kuonyeshwa hilo bila kudharauliwa, kwamba yule anayemtaja aliandika jina lake chini ya barua. Na kamati nayo inaweza kuikumbuka hoja ya kwanza kati ya zile 95: Bwana wetu aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Ukiiweka hoja hiyo kando ya mpango wa toba inayoanza saa moja na kwisha kabla ya kipindi cha kwanza, nini kinatokea? Mkuu wako ni mwanatheolojia. Swali hilo analiweza.

Neno "kurejesha" analolitumia ni zuri, nami sitaki walitupe. Wagalatia 6:1 inasema mtu akighafilika, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole", na kitenzi cha Kigiriki kilichopo hapo ndicho kinachotumika Marko 1:19, wana wa Zebedayo wanapozitengeneza nyavu zao. Mvuvi anayetengeneza wavu haanzi kwa kuuinua watu wauone. Anaulaza, anatafuta tundu lilipo, anaunganisha uzi kwa uzi hapo hapo palipokatika.

Na hapo palipokatika ni wapi? Kwa mama wa stoo. Ndiyo maana nitakusimulia habari moja ya mbali, wewe uipime. Mwaka 1974, huko Elmira, mji mdogo wa Ontario nchini Kanada, vijana wawili walilewa usiku mmoja wakaharibu mali za watu mahali 22. Ofisa mmoja wa mahakama aliyewasimamia, Mark Yantzi, alikuwa Mkristo wa kanisa la Mennonite. Yeye na mwenzake walimwomba hakimu wafanye jambo ambalo halikuwa na utaratibu: vijana wapelekwe kwa waliowaumiza. Wakaenda mlango kwa mlango, isipokuwa kwa waliokuwa wamehama, wakasikia kila nyumba ilipata hasara gani na hofu gani, kisha wakalipa. Watu wengi wanaofanya kazi ya haki ya kurejesha siku hizi, yaani ya kumkutanisha aliyekosa na aliyeumia ili kosa litengenezwe, huitaja safari ile kama mwanzo wao. Vijana wale hawakusimamishwa mbele ya mji mzima. Walikutana na mtu mmoja mmoja aliyeumia, na aliyeumia akapata nafasi ya kusema anachohitaji.

Mama yenu wa stoo amekwisha kusema anachohitaji. Umeniandikia wewe mwenyewe, halafu ukapita: hana haja ya magoti, anataka waseme unga ulikwenda wapi. Soma tena. Hilo analolitaka kijana hana uwezo wa kumpa peke yake. Kijana anaweza kusema, "Nilikuita mwizi bila kukuuliza, nimekosa." Lakini unga ulikwenda wapi, anayejua na aliyeagiza ni mkuu wa chuo. Kama wanachuo wangeambiwa mapema kwamba fedha zimekwama na vibarua wanalipwa kwa unga, kijana angeona magunia yale jioni akadhani nini? Siondoi kosa lake. Aliona magunia akaongeza neno "kuuza" kutoka kichwani mwake, na neno hilo limemfikia mtoto wa shule. Ila kama mama huyo alichafuliwa mlangoni pa bwalo na kwenye simu za sharika, basi kusafishwa ndani ya ibada ya chuo tu hakutawafikia walimu na watoto wa shule anakosoma mjukuu wake. Mbele ya watu hao anahitaji karatasi yenye jina la mkuu pia.

Sasa nisimame kwa wasichana. Umewataja kwa mstari mmoja, kama karatasi ilivyowataja. Mwanangu, jambo hilo usiliingize katika suluhu yoyote, wala usimwombe msichana yeyote akae meza moja na mwalimu huyo ili "wapatane". Haki ya kurejesha inataka hiari na usalama, na hapo huenda hakuna hata kimoja. Inawezekana ni uvumi. Inawezekana pia ni kosa la jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhusu mtu anayetumia madaraka yake kudai ngono ili atoe kile ambacho ni haki ya mwingine, na alama za mtihani zinaweza kuingia humo. Huhitaji kuamua lipi ni kweli. Unachoweza ni kuwafungulia wasichana mlango, wakiwa na mwanamke mwingine wanayemwamini, uwaambie wazi kwamba hutalibeba jambo lao popote bila wao kujua, na kwamba nje ya chuo lipo dawati la jinsia la polisi na wapo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Na hapa naomba usimwambie yeyote asubiri.

Basi tuseme una njia gani. Nitazitaja kama ninavyoziona, na hatari zake, kisha wewe na mumeo na Mungu wenu mtazipima.

Unaweza kumsihi kijana akubali. Atamaliza masomo, atabarikiwa, mtoto wake atakula. Si jambo dogo, wala simlaumu mtu anayelichagua. Lakini ataanza uchungaji wake kwa kusema madhabahuni neno ambalo mwenyewe ameliita uongo, na aliyemwandaa ni mlezi wake. Halafu wapo wanachuo wengine wote watakaokuwa wamekaa kwenye viti wakitazama. Watajifunza nini juu ya kuleta lalamiko kwa aliyewekwa kulipokea? Ile sahihi ya kutolalamika nje ya utaratibu inanipa wasiwasi zaidi kuliko magoti. Utaratibu wenyewe uko wapi? Umeandikwa? Mwenye lalamiko anajibiwa ndani ya siku ngapi, na nani? Kama utaratibu ni wewe na shajara yako, basi kijana aliufuata.

Unaweza kumwendea mkuu kwanza, peke yenu wawili, ukampa zile tarehe tatu. Hiyo ndiyo Mathayo 18 kwa upande wako. Ninavyomwona kwa maneno yako, ni mtu anayeweza kusikia. Hatari ni kwamba anaweza kukushukuru na kukuomba libaki humo ofisini kwa ajili ya amani ya chuo, na ukitoka umefungwa zaidi ya ulivyoingia. Kama utakwenda, jiulize kabla utasema nini akikuomba hivyo.

Unaweza kusema mbele ya kamati. Inakuwa kwenye kumbukumbu, na shtaka la kuruka hatua linaanguka siku hiyo hiyo. Utalipa. Wapo watakaosema ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke ofisi, na itauma, kwa sababu aliyenyamaza angekuwa mwanamume wangesema alikuwa na busara. Nyumba ni ya chuo, umesema. Zungumza na mumeo kabla, kwa hesabu, mjue mna nini mkononi na mnaweza kwenda wapi, ili hofu iwe na kipimo.

Au unaweza kuomba kitu kidogo zaidi, kisichohitaji ujasiri wote kwa siku moja: kesi zitenganishwe, na mwalimu aliyetajwa asikae kwenye kiti cha kamati wakati inaposikiliza jambo linalomhusu. Hapa huombi fadhila. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani, na kabla ya Katiba hiyo Nikodemo aliuliza barazani kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza. Dakika ishirini, mbele ya katibu aliye mlalamikiwa, nadhani hata mkuu wako akilala na kuamka ataona hazitoshi. Na haki hiyo ni ya mwalimu pia. Naye ametajwa mlangoni, hajasikilizwa kwa utulivu na mtu asiye na upande. Huenda ana la kusema. Hatari ya njia hii ni kwamba itachukua muda, na askofu akirudi atataka jibu.

Wewe usiwe msuluhishi kati yao, kwa njia yoyote utakayochagua. Umo ndani ya jambo. Yupo mchungaji mstaafu au mama wa Kanisa mnayemheshimu wote, asiyelipwa na chuo? Mtu kama huyo anaweza kuonana na kila mmoja peke yake kwanza, kijana, mama wa stoo, mkuu, akauliza nini kilitokea, nani kaumia, anahitaji nini, na nani ana wajibu wa kulitimiza. Ndipo wakutane, kama wote wanataka. Wakikubaliana, liandikwe: nani atafanya nini, mpaka lini. Mkipata jibu la maharage humo, hata kama jibu ni kwamba dayosisi zinadaiwa ada na duka linawakopesha mzigo wa zamani, waambieni wanachuo hivyo hivyo, na wachague wenzao wawili wa kukagua stoo kila wiki. Watu wazima waliowahi kuongoza sharika wanaweza kubeba habari ya ufukara wa chuo chao. Hawawezi kubeba kufichwa.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, akasema inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Nimekuwa nikiwaza ni nani hapo chuoni yuko karibu kumezwa. Kijana, ndiyo. Mama wa stoo, ndiyo. Lakini barua hii imetoka kwako, umetia sahihi "asiyelala", na mlezi naye ana mlezi wake. Una mchungaji unayeweza kumwungamia, asiye wa hapo chuoni? Mtafute wiki hii. Ulinyamaza mara tatu na mara ya nne kamatini, na nadhani umeanza kujiona kwamba wewe ndiye kunyamaza kwenyewe. Mtu anayeandika tarehe kwenye shajara ni mtu ambaye sehemu yake moja haikukubali kusahau.

Kabla hujaenda kwa mkuu au kwa kamati, kuna mtu mmoja ambaye kumwendea hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kijana yule alikutazama, nawe hujamwambia kwamba uliona. Ulipokwenda kuzungumza naye ulikwenda na mpango wa chuo mkononi. Unaweza kurudi bila mpango wowote, na shajara yako, umsomee zile tarehe. Usimwahidi utakachofanya kama bado hujui. Na mumewe au mkewe mtu ni mshauri mzuri kuliko gazeti, kwa hiyo usimfiche mumeo jioni ya leo.

Mama wa stoo umsalimie. Mwulize kama angependa kusindikizwa ibadani Jumapili, na kama hapendi, kaa naye nyumbani. Kikao kikiisha niandikie, hata kama hakikwenda ulivyotaka.